Milango Tisa ya Kisumu Ndogo

Mutiso hakuwa na gari, wala baiskeli. Hakuwa na meno mawili ya juu upande wa kushoto. Hakuwa na shamba la kujivunia kule Machakos, kwa sababu kipande alichorithi kilikuwa mawe matupu, na mbuzi wa majirani walikipita bila kusimama. Hakuwa na cheti cha kidato cha nne mpaka alipotimiza miaka hamsini na miwili, na siku alipokipata hakuwa na mwalimu wa zamani wa kumwonyesha, maana wale waliokuwa wakimrudisha nyumbani kwa ajili ya karo walikuwa wameshafariki wote. Hakuwa na rafiki wa baa, kwa kuwa hakunywa. Hakuwa na tai ya pili. Na katika fomu themanini alizojaza Kisumu Ndogo mwezi wa Februari, hakuwa na hata mlango mmoja uliokataa kujibu.

Hilo la mwisho ndilo lililomfanya atembee kifua mbele.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shirika moja dogo la afya, lenye ofisi yake Riruta juu ya duka la viatu, lilikuwa limepata uwezo wa kujenga kituo cha maji safi na matibabu ya watoto. Kituo kimoja tu. Wakubwa wa shirika walikuwa wamebakiwa na sehemu mbili za kuchagua: Kisumu Ndogo huko Kibera, na mtaa mmoja wa Kawangware, ule ule aliokaa Mutiso na mkewe. Kwamba watoto walikuwa wakiharisha pande zote mbili, kila mtu alijua. Lililotakiwa ni kujua wanaharisha zaidi wapi.

Hawakuweza kugonga kila mlango. Basi waliorodhesha milango yote, wakaipa nambari kwa rangi nyeupe, kisha nambari zikapigiwa kura ya bahati. Themanini zikaangukia Kisumu Ndogo, themanini Kawangware. Kila mlango uliochaguliwa ulisimama badala ya mingine kama thelathini ambayo isingeulizwa kitu. Swali kubwa lilikuwa moja: je, katika miezi mitatu iliyopita, kuna mtoto wa chini ya miaka mitano katika nyumba hii aliyeharisha hadi akapelekwa hospitali, au akafariki?

Bwana Walubengo, mkuu wa utafiti, aliwakalisha makarani siku nzima akawaeleza masharti. Alirudia moja mara tatu, akigonga meza. Ukikuta mlango umefungwa, rudi. Ukiukuta umefungwa tena, rudi mara ya tatu. Ukishindwa, andika kwamba umeshindwa. "Msiende kwa jirani," alisema. "Jirani hakuchaguliwa."

Mutiso aliandika maneno hayo katika daftari lake, akayapigia mstari chini kwa rula. Alikuwa na miaka sitini na minne, na alikuwa ametunza stoo ya kampuni ya vyakula kwa miaka thelathini na mmoja bila gunia kupotea. Alipostaafu, wenzake walinunua redio wakakaa vibarazani. Yeye alijiandikisha masomo.

Utafiti ulipokwisha, Gikonyo, kijana aliyepewa Kawangware, alirudi na fomu kumi tupu. Nyumba nyingine zilikuwa na kufuli kila alipokwenda, nyingine zilimfukuza, na moja ilimfungulia mbwa. Mutiso alirudi na themanini zimejaa, mwandiko umelala upande mmoja kama mahindi baada ya upepo. Bwana Walubengo aliinua faili lake mbele ya watu wote.

"Themanini kwa themanini," alisema. "Mzee huyu ndiye atakayewasimamia katika utafiti ujao."

Baadaye, walipokuwa wakijimiminia chai, Gikonyo alimsogelea. "Mzee, uliwafanyia nini hao watu? Uliwapea nini?"

"Ni adabu tu, kijana," Mutiso alisema. "Mtu akibisha kwa adabu, anafunguliwa."

"Mimi nilibisha kwa adabu. Mbwa hakujua."

Mutiso alicheka pamoja naye, akanywa chai yake, na ile chai aliisikia tamu kwa muda wa miezi minne.

*

Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa tisa mchana, Mutiso alikuwa ameketi safu ya mbele katika ukumbi wa kanisa moja la Kawangware ambako watu wazima walisomea cheti cha takwimu. Mwalimu wao alikuwa Bi Wamucii, mdogo kuliko kitinda mimba wa Mutiso, mwenye sauti ya kuuza sokoni na subira ya muuguzi. Siku hiyo aliingia na ndoo ya maharagwe.

"Humu mna maharagwe elfu mbili," alisema. "Mengine yametobolewa na fukusi. Mimi najua ni mangapi kwa kila mia, kwa sababu nimekaa nayo nikahesabu. Nyinyi hamjui. Kila mtu achukue ishirini na tano, ahesabu yenye tundu, ayarudishe, tuchanganye. Mara tano."

Walikuwa wanafunzi kumi na watano. Kila aliyehesabu alikwenda ubaoni akaweka alama ya msalaba juu ya nambari aliyoipata. Mwanzoni misalaba ilikaa ovyo. Mmoja alipata matano, mwingine manane, mwingine matatu. Lakini kadiri walivyoendelea, ubao ulianza kujikusanya. Misalaba ilipandana juu ya tano, ikapungua kwenye nne na sita, ikapungua zaidi kwenye tatu na saba, mpaka pakasimama kilima ambacho hakuna aliyekichora. Mutiso alikitazama kile kilima kwa furaha. Alikuwa amesoma juu yake kitabuni, lakini kukiona kikiota chenyewe kutoka katika ndoo ya maharagwe kulimpendeza.

Kisha akaona misalaba yake. Mbili, moja, mbili, moja, mbili. Yote mitano ilikuwa imekaa peke yake pembeni kushoto, kama watu waliokosa nafasi katika benchi.

Bi Wamucii naye alikuwa ameiona. "Mzee Mutiso, hebu sasa chukua mia moja. Na wengine watano wachukue mia moja pia."

Mutiso alifurahi. Sampuli kubwa ingemrudisha kundini. Alijua hivyo kutoka kitabuni. Wenzake walipata ishirini na moja, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini na tatu, ishirini. Walikuwa wamekaribiana zaidi kuliko mwanzo, jinsi kitabu kilivyosema. Mutiso alipata saba.

Aliomba kurudia. Akapata nane.

Bi Wamucii aliomba skafu ya mwanafunzi mmoja, akamfunga Mutiso macho, akamwambia achukue ishirini na tano. Akapata matano. Akachukua tena, sita. Tena, manne.

"Unachambua, mzee," mwalimu alisema kwa upole. "Mkono wako ukigusa lenye tundu unaliacha. Hujui kama unafanya hivyo."

Nyuma yake Alvin, fundi wa simu ambaye hakuacha kitu kipite, alisema, "Mzee ako na mkono wa shosho, wa nyanya kabisa. Huyo ukimpea maharagwe ya githeri achague, hauwezi pata jiwe ukikula."

Darasa likacheka, na Mutiso akacheka nalo. Mama yake hakuwa na binti, kwa hiyo yeye, kifungua mimba, ndiye aliyekuwa akikalishwa na ungo mapajani kila jioni. Halafu stoo, miaka thelathini na mmoja. Hakuwahi kuangalia maharagwe bila kuyachambua. Alivua skafu, akaikunja vizuri, akairudisha.

Bi Wamucii alikuwa ameshageukia ubao. Alisema sampuli ikiwa kubwa, kilima kinakuwa chembamba, na hilo ni jambo zuri, lakini wembamba hauonyeshi kama kilima kimesimama mahali pake. Ukichukua mia kwa mkono unaochambua, unapata jibu lile lile la uongo, ila sasa unaliamini zaidi. Makosa ya bahati yanapungua ukiongeza hesabu. Makosa ya mkono hayapungui hata uchukue ndoo nusu.

"Na mtu anayechambua," aliongeza, "mara nyingi kazi yake ndiyo inayoonekana safi kuliko ya wote."

Hakuwa akimwambia Mutiso. Alikuwa akifundisha. Lakini Mutiso aliacha kuandika, na kalamu ikabaki imesimama juu ya karatasi, ikitoa doa la wino lililokuwa likipanuka. Mbele ya macho yake hapakuwa tena na ndoo. Palikuwa na mlango wa mabati wenye nambari nyeupe, na turubai mbele yake, na watu wameketi kwenye viti vya kukodi.

*

Ilikuwa milango tisa. Hakuwa na haja ya kuhesabu, aliijua.

Ule wa kwanza ulikuwa wa mwanamke muuza omena, dagaa wa ziwani, aliyeitwa Apiyo. Mutiso alikuja na fomu kwapani, akakuta turubai na watu, akaambiwa mjukuu amefariki. Alivua kofia akaiweka kifuani, akasema pole kwa wote, akasimama kidogo, akaondoka kinyumenyume. Jinsi alivyolelewa, mtu haingii kwa wafiwa na makaratasi. Vivyo hivyo nyumba yenye mgonjwa aliyelala: unasema pole, unauliza kama kuna cha kusaidia, unaondoka. Wagonjwa hawahojiwi kama washtakiwa. Hayo hakufundishwa na Bwana Walubengo. Yalikuwa ndani yake kabla hajajua kusoma.

Hapo alikuwa na njia mbili: kurudi baadaye, au kuandika ameshindwa. Kurudi baada ya siku tatu na kumuuliza mwanamke yule kuhusu kuharisha kulimchoma moyo. Kuandika ameshindwa kulimchoma mahali pengine. Mlango wa pili yake ulikuwa wazi, na kinyozi aitwaye Billy alikuwa amekaa ndani akila viazi. Billy alijibu maswali yote kwa dakika kumi. Hakuwa na mke wala mtoto. Mutiso aliyaandika majibu ya Billy chini ya nambari ya Apiyo.

Sasa, akiwa darasani, alijilazimisha kuitazama hatua hiyo ya mwisho. Adabu ndiyo iliyomfanya aupite ule mlango, sawa. Lakini si adabu iliyoandika nambari. Nambari iliandikwa na mzee aliyetaka themanini kwa themanini. Tena baada ya mlango wa nne hakuwa akisita tena; alikuwa akiona kitanda chenye mtoto kupitia pazia na miguu yake ilikuwa inageuka yenyewe kuelekea kwa jirani mzima.

Yaani aliulizwa watoto wanaougua wako wapi, naye kwa heshima zote akawaruka waliokuwa wakiugua.

Ripoti ya awali ilikuwa tayari. Mutiso alikuwa na nakala nyumbani, ameitia ndani ya mfuko wa nailoni isipate vumbi. Kisumu Ndogo: nyumba tano kati ya themanini, yaani sita kwa kila mia. Kawangware: kumi na mbili kati ya sabini, yaani kumi na saba kwa kila mia. Kamati ingekutana Ijumaa hiyo inayokuja kuthibitisha kituo kijengwe Kawangware, na mstari wa mwisho wa ripoti ulisema takwimu za Kisumu Ndogo ni za kutegemewa zaidi kwa sababu hakuna aliyekosa kujibu.

Jumapili hakuweza kuimba kanisani. Alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga.

*

Jumatatu asubuhi alishuka Kibera. Apiyo alikuwa kwenye kibanda chake, omena zimetandazwa juu ya gunia, kopo la kupimia mkononi. Alikuwa mwanamke mpana wa miaka hamsini na kitu. Alimtazama Mutiso kabla hajafika.

"Wewe ndiye yule mzee wa kofia," alisema.

"Ndiye mimi, mama."

"Uliweka kofia hapa kifuani, ukasema pole, ukaenda kwa Billy." Alimgeukia mwanamke wa kibanda cha pili. "Unasikia? Watoto wanakufa hapa, serikali inatuma mtu, anaenda kuuliza Billy. Billy hana mtoto. Billy hana hata paka."

Yule mwingine alicheka. Mutiso alisema kwamba yeye si wa serikali, kisha akaona kwamba hilo halikuwa na maana, akaliacha. Alieleza polepole kwa nini hakuingia. Nyumba ilikuwa na msiba. Kwao ni vibaya kuhoji wafiwa.

Apiyo alimsikiliza mpaka mwisho. Alipima kopo moja la omena kwa mteja, akaongeza kidogo juu, akamfungia kwenye gazeti. Mteja alipoondoka, ndipo alipojibu.

"Sisi kwetu mtu akifiwa, watu wanakaa na yeye wanamuuliza. Ilianza lini? Ulimpeleka wapi? Alisema nini mwisho? Tunasimulia mpaka tunachoka, ndio roho inapoa. Wewe nilikuona na kalamu. Nikaambia msichana wangu Marion, toa kiti, huyu mzee anataka kuandika habari ya mtoto. Nikajifunga leso vizuri. Marion akatoka na kiti." Alionyesha kwa mikono jinsi kiti kilivyokuwa kimebebwa. "Alisimama na hicho kiti hapo nje. Wewe ulikuwa umeshaingia kwa Billy."

Mutiso alikuwa amejitayarisha kwa hasira, na kwa kulia pia. Kwa kiti hakuwa amejitayarisha.

"Nimekuja kuuliza sasa," alisema hatimaye. "Kama utaniruhusu."

"Umechelewa."

"Nimechelewa sana, mama."

Apiyo alisogeza ndoo, akaigeuza juu chini, akaipangusa kwa kanga. "Kaa."

Alikaa, akatoa fomu mpya. Apiyo alisimulia. Mtoto aliitwa Audrey, wa mwaka mmoja na miezi minane, binti wa Marion. Alianza kuhara Alhamisi asubuhi. Ijumaa walimpeleka, wakapewa dawa ya kuchanganya na maji, na maji waliyochanganyia ndiyo yale yale. Jumamosi mchana alikuwa ameisha. Karibu yote hayo hayakuwa na nafasi katika fomu; fomu ilitaka alama moja ndani ya kisanduku kimoja. Mutiso aliiweka alama.

"Andika jina," Apiyo alisema.

"Fomu haichukui majina, mama. Ni siri ya mtu."

"Si siri. Andika pahali pengine basi."

Mutiso alifungua daftari lake mwenyewe, akaandika Audrey, na miezi yake, na siku zile tatu. Apiyo, ambaye alisoma mpaka darasa la tano, aliinama akaangalia herufi moja moja mpaka akaridhika. Halafu akamuuliza kama maji yatakuja. Mutiso alisema hajui. Alitamani sana kusema ndiyo, na ilimbidi aume ulimi, kwa sababu aliona kwamba hata hiyo "ndiyo" ingekuwa ni kuchambua.

Siku hiyo na iliyofuata alipita kwenye milango mingine minane. Hakuna aliyemfukuza. Mmoja wa wapangaji alikuwa amehama, na hakuna aliyejua alikokwenda. Hapo Mutiso aliandika neno ambalo kalamu yake haikuwa imewahi kuliandika: nimeshindwa. Wawili walikuwa na msiba wa wazee, si watoto. Waliobaki, wote watano, walikuwa wamepeleka mtoto hospitali kwa kuharisha kati ya Desemba na Februari. Pamoja na Audrey, sita.

Alikaa kwenye benchi nje ya hoteli ndogo ya chapati akafanya hesabu. Majirani tisa aliowahoji badala yao hawakuwa na mgonjwa hata mmoja. Ndiyo sababu walikuwa wazi na wachangamfu. Akawatoa. Tano jumlisha sita ni kumi na moja, kati ya nyumba sabini na tisa. Kumi na nne kwa kila mia. Kawangware ilikuwa kumi na saba. Aliukumbuka ubao wa Bi Wamucii, jinsi ndoo ile ile moja ilivyompa mtu kumi na nane na mwingine ishirini na tatu. Tofauti kati ya kumi na nne na kumi na saba ilikuwa kitu ambacho bahati tupu ingeweza kukileta. Kwa maneno mengine, ripoti haikujua watoto wanaugua zaidi wapi. Ilidhani inajua kwa sababu ya Mutiso.

*

Nduku, mkewe, alikuwa akipiga pasi aliporudi. Mutiso alimweleza yote akiwa amesimama. Alimweleza huku akikwepa kutazama mitungi minne ya lita ishirini iliyopangwa kando ya mlango. Goti la kulia la Nduku lilikuwa bovu tangu mwaka uliopita, na yeye na wanawake wenzake walikuwa wameshachagua mahali bomba litakapowekwa, wakapafagia.

Nduku aligeuza shati, akapiga pasi mgongo wake wote kabla ya kusema.

"Kwa hivyo maji hayatakuja hapa."

"Sijui. Pengine watahesabu upya, kisha yaje. Pengine yaende kwao."

"Na watoto wa hapa hawaharishi?"

"Wanaharisha. Gikonyo aliandika ukweli."

"Na ile kazi ya usimamizi?"

"Hiyo haipo tena."

Aliweka pasi wima. "Baba Mbithi, ukinyamaza, kuna mtu atajua?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini unaniambia mimi?"

Nduku alilikunja shati, akalipapasa kola, akaliweka juu ya mengine. Alikasirika, Mutiso aliona kwa jinsi alivyolibonyeza lile shati. Aliendelea na suruali mbili. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba kalamu ya Mutiso ile nyeusi imekwisha wino, yeye mwenyewe alikuwa ameijaribu asubuhi kuandika orodha ya akina mama wa kanisa, na kwamba ya Mbithi iko juu ya kabati.

Jumatano nzima ilikwenda katika barua moja. Angeweza kumpigia simu Bwana Walubengo, lakini alijijua. Kwenye simu angekohoa, angezunguka, mwenzake angesema usijali mzee, na jambo lingekwisha kwa kicheko. Barua inafunguliwa, inapigwa muhuri, inatiwa katika faili. Mtu akiisoma baada ya miaka kumi itasema vile vile.

Nakala ya kwanza ilianza hivi: "Kuna hitilafu iliyotokea katika ukusanyaji." Aliisoma, akajiuliza hiyo hitilafu ilitokea yenyewe kama mvua? Akaichana. Nakala ya pili ilikuwa na ukurasa mzima juu ya heshima kwa wafiwa na wagonjwa miongoni mwa Wakamba. Ilikuwa imeandikwa vizuri, pengine ndiyo maandishi mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika. Kila neno lake lilikuwa kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa limepangwa ili msomaji amhurumie. Hiyo ilimchukua muda kuichana. Aliichana kwanza mara mbili, akaviweka vipande mezani, akavitazama, akavichana tena.

Ya tatu ilikuwa fupi.

"Bwana Walubengo,

Katika nyumba themanini nilizopewa Kisumu Ndogo, tisa sikuzihoji. Nilizikuta na msiba au mgonjwa, nikaziruka, nikawahoji majirani, nikaandika majibu yao chini ya nambari ambazo si zao. Nilijua sharti. Sikuandika nimeshindwa kwa sababu nilitaka fomu zangu zionekane kamili. Nambari za milango hiyo ziko hapa chini.

Nimeirudia milango hiyo juzi na jana. Sita ilikuwa na mtoto aliyeugua au kufariki, na mmoja mpangaji wake amehama. Lakini naomba usitumie majibu haya mapya pia, kwa kuwa nimeyachukua mimi. Mtume mtu mwingine. Mpaka hapo, tafadhali kamati isiseme kwamba Kisumu Ndogo ni afadhali kuliko Kawangware. Haijulikani. Mimi mwenyewe naishi Kawangware na maji hayo tunayahitaji.

Nafasi ya usimamizi naomba apewe Gikonyo. Fomu zake kumi tupu ndizo zilizokuwa sahihi.

J. M. Mutiso."

Aliisoma mara moja tu, akakataa kuisoma tena, maana alijua mkono wake. Alikunja karatasi mara tatu.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikwenda nayo kwenye kituo cha bodaboda. Asingeipeleka mwenyewe. Pale ofisini wangempa kiti na chai, na kikombe cha pili kisingeisha kabla hajaanza kujitetea. Alimchagua Osewe, ambaye hakuwa mwongeaji, akamweleza mlango, ngazi, na jina. Asiache kwa bawabu. Aombe kitabu cha kupokelea barua kitiwe sahihi.

"Ni ya kazi, mzee?" Osewe aliuliza. "Umeitwa?"

"Hapana. Najitoa."

Osewe alimtazama, akaona si mzaha, akavaa kofia yake ya chuma.

Bahasha ilikuwa bado wazi mkononi mwa Mutiso. Alipitisha ulimi kwenye gundi, ladha yake chungu ikamjaa mdomo, akaifunga juu ya tangi la pikipiki na kuibonyeza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe. Akampa. Osewe aliitia ndani ya jaketi, akavuta zipu hadi shingoni, akakanyaga gia, na pikipiki ikaingia barabara ya Riruta.